Eabrashi ya michoro midogo: Micron, Infinity, PS-270, Eclipse au nakala ya bei nafuu?

Anayetaka kuchora nyusi kwenye sura iliyo juu ya tangi la pikipiki, au madoa ya kijivu kwenye ndege ya plastiki ya kipimo cha 1/72, kwa eabrashi, yaani kifaa kidogo cha mkononi cha kupuliza rangi kwa upepo, huanza kwa kuuliza namba ya nozeli: upana, kwa milimita, wa tundu la mbele linalotoa rangi. Ni 0.15? Ni 0.18? Ni 0.2? Namba ina kazi yake, lakini imewafanya wengi wanunue kifaa ambacho kinaziba kila baada ya dakika tatu. Nozeli ya 0.2 ambayo tundu lake limekaa upande itachora vibaya kuliko nozeli ya 0.35 iliyotengenezwa vizuri. Na rangi nzito itazikwamisha zote mbili.

Hapa tunalinganisha eabrashi za aina moja tu: zenye kikombe juu na triga ya kazi mbili, yaani ukibonyeza chini unatoa upepo, ukivuta nyuma unatoa rangi. Kwa kazi ndogo usihangaike na aina nyingine. Zile zinazofyonza rangi kutoka kwenye chupa ya chini zinahitaji presha kubwa ili kuipandisha, na presha kubwa ndiyo adui wa mstari mwembamba.

Mstari mwembamba unatoka wapi

Rangi haipiti kwenye tundu zima la nozeli. Sindano imekaa ndani ya tundu hilo, na ukivuta triga kidogo, rangi hupenya kwenye uwazi wa duara unaobaki kati ya sindano na ukingo wa nozeli. Kwa mstari wa nusu milimita, uwazi huo ni mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Ndiyo maana sindano ikiwa imepinda hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, rangi hutoka upande mmoja na mstari unakwenda kombo.

Mchongoko wa sindano nao una uzito wake. Sindano yenye ncha ndefu inafungua njia polepole: kidole kinarudi nyuma milimita moja, rangi inaongezeka kidogo tu. Yenye ncha fupi inafungua kwa ghafla, na mkono hauwezi kuidhibiti. Hili hutaliona kwenye boksi. Chomoa sindano uitazame.

Jambo la tatu ni umbali. Eabrashi yoyote ikishikwa sentimita 5 kutoka kwenye kazi haichori mstari wa milimita moja. Kwa michoro midogo unakaribia hadi milimita 5 au 10, na hapo upepo unaorudi kutoka kwenye uso wa kazi hugonga kofia ya mbele na kuitia madoa. Kofia yenye meno iliyo wazi pembeni, au kuivua kabisa kofia ya sindano, huuachia upepo huo njia. Ukiivua, kumbuka ncha ya sindano imebaki uchi. Kuigusisha ukuta wa kikombe cha maji mara moja kunatosha kuipinda.

Zikiwekwa kando kwa kando

| Eabrashi | Nozeli (mm) | Kikombe | Nozeli inavyokaa |
|---|---|---|---|
| Iwata Custom Micron CM-B | 0.18 | karibu ml 1.5 | imelinganishwa na kichwa chake kiwandani |
| Iwata Custom Micron CM-C Plus | 0.23 | karibu ml 7 | kama hapo juu |
| Harder & Steenbeck Infinity CR Plus 2 kwa 1 | 0.15 na 0.4 | ml 2 na ml 5 | inachomekwa, haina nyuzi, haihitaji spana |
| Harder & Steenbeck Evolution 2 kwa 1 | 0.2 na 0.4 | ml 2 na ml 5 | inachomekwa |
| GSI Creos Mr. Airbrush PS-270 | 0.2 | ml 10 | inafungwa kwa nyuzi na spana ndogo |
| Iwata Eclipse HP-CS | 0.35 | karibu ml 9 | inatiwa mahali pake na kubanwa na kofia |
| Nakala zisizo na jina (130, 180 na kadhalika) | 0.2 au 0.3 | hutofautiana | nyuzi na spana |

Safu ya mwisho ndiyo ya kusoma kwa makini, kwa sababu nozeli ndiyo kipuri kinachokufa kwanza. Nozeli ya nyuzi ni ndogo kiasi kwamba mkono uliozoea boliti za gari huikata bila kujua: ukikaza kupita kiasi, shingo inavunjika na nyuzi zinabaki ndani ya kichwa. Spana yake ishikwe kwa vidole viwili, ikaze hadi igome, basi. Kama inavujisha, paka nta ya nyuki kidogo sana kwenye nyuzi badala ya kuongeza nguvu.

Custom Micron dhidi ya Infinity

Hizi mbili ndizo zinazotajwa zaidi na watu wa kazi ndogo, na tofauti yao ni ya tabia kuliko ya ubora.

Micron inatengenezwa Japani na Anest Iwata. Sifa yake kubwa ni mwanzo wa mstari. Ukigusa triga, rangi inaanza kutoka kama ukungu laini bila kutema tone la kwanza, hata presha ikiwa psi 8 hadi 12 (psi ni kipimo cha presha ya upepo). Kwa mchoraji wa sura hilo ni kila kitu, maana kivuli cha ngozi hujengwa kwa mipito mingi hafifu, na tone moja chini ya jicho linaharibu kazi ya saa nzima. CM-B yenye 0.18 ina kikombe kifupi ambacho hakizuii macho kuona mahali unapochora, lakini kinabeba matone machache tu. Ni ya wino na rangi laini za michoro. Anayetumia rangi za gari au akriliki za kawaida achukue CM-C Plus ya 0.23. Mstari wake unakaribia sana ule wa 0.18, kikombe kinabeba rangi ya kutosha kazi moja, na haizibi ovyo.

Udhaifu wa Micron ni kwamba inataka mikono safi. Nozeli haifunguliwi kila siku. Unaisafisha kwa kupitisha maji ya kuoshea hadi yatoke meupe, unachomoa sindano na kuifuta, na kufungua kichwa pale tu kunapokuwa na sababu. Nozeli yake peke yake inazidi bei ya nakala nzima ya bei nafuu. Mtu anayefanya kazi kwa haraka, anayebadilisha rangi mara ishirini kwa siku na kuacha kikombe kikikauka wakati wa chakula, ataiumiza.

Infinity inatoka Norderstedt, karibu na Hamburg, Ujerumani. Nguvu yake ni kufunguka. Unachomoa sindano kidogo kwenda nyuma, unazungusha kichwa kwa vidole, na nozeli inatoka kivyake, bila spana wala nyuzi za kukatika. Nusu dakika umeshaiosha. Ndani ya boksi la 2 kwa 1 kuna seti mbili, 0.15 kwa mistari na 0.4 kwa kupaka eneo pana, na unabadilisha nozeli, sindano na kofia kwa pamoja. Usichanganye sindano ya 0.4 na nozeli ya 0.15, utaipasua ncha mara moja.

Nyuma ya mpini wa Infinity kuna kizuizi chenye namba kinachoweka kikomo cha kuvuta triga. Huu si urembo. Ukiwa na madoa mengi ya kufanana, unaweka kikomo, unajaribu kwenye karatasi, kisha unachora yote bila woga kwamba kidole kitateleza. Mfano mzuri ni madoa ya ubavuni mwa ndege za Kijerumani za Vita vya Pili kama Messerschmitt Bf 109: doa la sentimita 30 kwenye ndege halisi ni karibu milimita 4 tu kwenye 1/72, na yote yanatakiwa yalingane ukubwa.

Tatizo ni hiyo 0.15 yenyewe. Akriliki ya maji hukaukia kwenye ncha ya sindano, na joto la nyuzi 30 na zaidi linaharakisha. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa utajikuta unafuta ncha kila dakika moja au mbili. Seti ya 0.2 inauzwa kando na inaingia kwenye mwili uleule. Kwa anayetumia akriliki ndiyo bora kuagiza mapema. Muulize muuzaji kama ni ya toleo la eabrashi yako.

Ukilinganisha mistari kwenye karatasi, Micron inashinda kwa ulaini wa vivuli. Ukilinganisha miezi sita ya kazi katika karakana yenye vumbi, Infinity inashinda kwa sababu bado inafanya kazi.

Nyingine, kwa ufupi

Evolution ni ndugu wa bei ya chini wa Infinity. Nozeli inachomekwa vilevile, na seti ya 0.2 ndiyo inayokuja nayo, ambayo kwa maoni yetu ni chaguo la busara kuliko 0.15. Unakosa vitu vidogo vya starehe, mstari unaupata.

PS-270 ya GSI Creos, kampuni ileile ya rangi za Mr. Color, ni thamani nzuri mno kwa pesa yake. Sindano imenyooka, mchongoko ni mrefu, kikombe cha ml 10 ni kikubwa kuliko unavyohitaji kwa kazi ndogo. Nozeli yake ni ya nyuzi, na onyo la spana linaihusu moja kwa moja. Kampuni hiyo ina pia PS-771 ya 0.18, lakini anayeanza hana sababu ya kuikimbilia.

Eclipse HP-CS: kwa nini 0.35 imo kwenye orodha hii

Kwa sababu wengi wanaodhani wanahitaji 0.18 wanahitaji hii. Sindano ya Eclipse ina ncha ndefu iliyochongwa vizuri, na ikipewa rangi iliyopunguzwa sawasawa inachora mstari chini ya milimita moja. Nozeli ni kubwa, haina nyuzi, unaidondosha mahali pake na kuibana kwa kofia. Inapitisha rangi ya gari, na hata rangi zenye chembe za kung'aa ambazo zingeziba 0.2 papo hapo. Kwa wanaochora matatu jijini Nairobi, ambako sura ya msanii inaweza kuchukua nusu ya ubavu wa gari, nyusi moja ina upana wa vidole viwili. Nozeli ya 0.18 hapo ni kupoteza muda.

Mipaka yake nayo ni wazi. Chini ya psi 15 ukungu wake unaanza kuwa na chembechembe unazoziona kwa macho, na kivuli cha ngozi kwenye sura yenye ukubwa wa sarafu kitaonekana kama mchanga. Ukifika hapo, ndipo 0.2 inapolipa.

Nakala za bei nafuu

Zina nafasi yake: kupaka rangi ya msingi, kupuliza vanishi, kujifunza kufungua na kusafisha bila hofu. Kwa mstari mwembamba ni bahati nasibu. Mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana kabisa, kwa kuwa tundu la nozeli moja limekaa katikati na la nyingine pembeni.

Ukiwa dukani, washa kamera ya simu, ikaribishe mbele ya eabrashi, vuta triga kidogo na utazame pete ya uwazi kuzunguka sindano. Iwe na upana sawa pande zote. Kisha ilaze sindano kwenye kioo na uiviringishe. Ncha ikipanda na kushuka, imepinda. Mwisho, uliza mpira unaozuia rangi isirudi nyuma kwenye triga umetengenezwa kwa kitu gani. Ukiwa wa raba ya kawaida, thina ya gari itauvimbisha, triga itaanza kugoma, na rangi itapenya hadi kwenye vali ya upepo. Unaotakiwa ni wa teflon, kama ulio kwenye zile za bei.

Rangi na upepo vinavyoamua zaidi ya chapa

Eabrashi ya 0.2 haili rangi ya chupa ilivyo. Akriliki zinazouzwa kuwa ni za eabrashi, kama Vallejo Model Air, zinahitaji kiasi sawa cha kipunguzi kwa rangi ili kutoa mstari safi, kwa 0.15 au 0.18 nenda hadi sehemu mbili za kipunguzi kwa moja ya rangi, na matone mawili ya kichelewesha ukaukaji. Akriliki za Tamiya za XF hukaa vizuri kwa sehemu moja ya rangi na mbili hadi tatu za thina yake. Rangi ya msingi ya gari, sehemu moja ya rangi kwa moja hadi mbili za thina. Rangi ikipunguzwa hivyo haifuniki kwa mpito mmoja, na ndivyo inavyotakiwa: mstari unajengwa kwa mipito minne au mitano.

Chuja kila kitu. Vichujio vya karatasi vya maduka ya rangi za gari vinafaa kwa 0.35, kwa 0.2 ongeza kipande cha soksi nyembamba ya kike kilichotandazwa mdomoni mwa kikombe.

Presha ishuke pamoja na uzito wa rangi. Anza psi 15, chora mstari, punguza moja moja hadi ukungu uanze kuonyesha chembe, kisha panda psi 2. Rangi ikikimbia pembeni na kutengeneza miguu ya buibui, presha ni kubwa, au umevuta triga mno kwa umbali huo, au rangi ni nyepesi kupita kiasi. Rekebisha triga kwanza.

Kompresa iwe na tangi. Isiyo na tangi inasukuma upepo kwa mapigo, na mapigo hayo yanaonekana kwenye mstari kama shanga. Tangi la lita 3 linatosha. Zile ndogo za aina ya AS-186 zinajizima zikifika karibu baa 4 (baa ni kipimo kingine cha presha) na kuwaka tena zikishuka hadi baa 3, na regyuleta, yaani kidhibiti presha, inakupa psi 12 zako bila kuyumba. Pwani, unyevu ni shida ya kweli: upepo unatoka kwenye kompresa ukiwa wa moto, unapoa ndani ya mpira, na maji yanajikusanya. Kitenga maji cha kwenye kompresa hakiyapati yote. Funga kingine kidogo karibu na eabrashi yenyewe, na umwage maji ya tangi kila jioni. Tone moja la maji kwenye rangi ya gari linaacha doa la duara kama jicho ambalo huliondoi bila kusugua upya.

Rangi za gari na vanishi yenye kigandishi zinapulizwa ukiwa umevaa kinyago chenye vichujio vya mvuke, mahali penye hewa inayopita. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Kwenye kazi ndogo uso wako uko sentimita ishirini tu kutoka kwenye ukungu.

Inapoharibika, tazama hapa kwanza

Mapovu kwenye kikombe yanamaanisha upepo unapenya kurudi kwenye njia ya rangi. Nozeli haijakaa sawa, nyuzi zinavuja, au ncha ya nozeli imepasuka. Ifungue, itazame kwa kioo cha kukuza. Mdomo wake ukiwa umepanuka kama tarumbeta, umekufa. Chanzo karibu kila mara ni kusukuma sindano kwa nguvu wakati wa kuirudisha. Sindano inaingizwa polepole hadi iguse, kisha unafunga nati.

Ikitema tone mwanzoni mwa kila mstari, umeacha triga irudi mbele kwa ghafla na upepo ukakatika pamoja na rangi, kwa hiyo tone limebaki kwenye ncha likingoja. Upepo uanze kabla ya rangi na ubaki baada ya rangi kukatika. Usinyanyue kidole kati ya mistari.

Mstari ukielekea upande mmoja, zungusha sindano nusu duara. Mwelekeo ukigeuka pamoja nayo, sindano imepinda. Usipogeuka, tatizo ni nozeli. Mpindo mdogo unanyooshwa kwa kuilaza ncha kwenye kioo, kuibonyeza kwa ukucha na kuivuta nyuma huku ukiiviringisha. Mpindo mkubwa, nunua nyingine.

Nani achukue ipi

Anayeanza, au anayechora vitu vikubwa kwa rangi za gari, achukue Eclipse. Mwenye modeli ndogo, kucha au helmeti, anayetumia akriliki na ana bajeti ya kati, achukue PS-270 ikiwa mkono wake ni mwepesi, Evolution ikiwa anafungua na kufunga mara nyingi. Infinity ni ya mwenye kazi za kila siku zinazobadilika kati ya mistari na maeneo mapana. Micron ni ya mchoraji wa sura ambaye tayari anaijua rangi yake na ameshafika mahali ambapo kifaa alicho nacho kinamzuia. Kuinunua kabla ya hapo hakutaupunguza mstari wako.

Yoyote utakayochagua, kama duka la vipuri haliko mjini kwako, agiza nozeli moja na sindano moja ya akiba siku hiyohiyo. Thibitisha pia kiungio cha mpira wa upepo: Iwata hutumia nyuzi za 1/8, lakini Badger na Paasche, kampuni nyingine za eabrashi, wana nyuzi zao na zinahitaji adapta.

Boksi likifika, usianze na rangi. Tia matone matano ya maji yenye wino kidogo, weka psi 15, na uchore kwenye karatasi ya kawaida safu ya nukta kumi, kisha mistari mitano inayoanza nene na kuishia kwenye unywele. Nukta ziwe za duara, mikia ya mistari ifie katikati. Zikiwa na kishikio upande mmoja, rudisha kifaa kikiwa bado kisafi, kabla rangi haijaingia ndani na muuzaji kupata cha kukataa.